Zamu ya Kuwa Jogoo

Nyumbani kwetu hadithi haisimuliwi na mtu mmoja. Mimi naianza, lakini kila nikifika kwa mtu wa ukoo nanyamaza, na mtoto aliyepewa jina la mtu huyo ndiye anayesema maneno yake. Baba wa watoto hawa hakuwahi kupeleka mahari kwetu, na kwa sisi Wamijikenda mtoto wa namna hiyo ni wa upande wa mama, kwa hivyo majina yote yametoka kwetu. Dama, mwenye miaka tisa, ni mama yangu. Kiti, mwenye saba, ni baba yangu. Mimi ni Sidi, na ndani ya hadithi pia ni Sidi, mtoto wa miaka sita aliyekaa juu ya godoro.

Hadithi wanayoitaka ni ile ya siku tuliyohamia kisiwani. Kila Jumamosi alasiri, nikimsuka Dama nywele katika chumba chetu cha juu hapa Mji wa Kale, lazima isimuliwe, na ole wangu nikibadilisha neno. Baba alikuwa amepata kazi ya kubeba magunia katika maghala ya Shimanzi. Akaazima mkokoteni, akapakia kila tulichokuwa nacho, tukatoka Mazeras alfajiri.

"Baba akasema..." nasema mimi.

"Shikeni vizuri," anadakia Kiti, sauti ameikaza, "watu wa kisiwani wasituone washamba."

"Tulipofika Miritini, mama akasimama ghafla katikati ya barabara, akasema..."

"Nimesahau mwiko," anasema Dama, na wote wanacheka kana kwamba hawajawahi kulisikia neno hilo.

Basi tunafika Makupa, malori yanatupigia honi mbele na nyuma, na hapo gurudumu moja linachomoka. Baba anauegemeza mkokoteni kwenye jiwe, anakwenda kutafuta pini nyingine ya gurudumu. Mimi nimelala juu ya godoro na jogoo wangu kifuani. Jogoo anawika, naamka, baba amerudi, safari inaendelea.

Kuwika ni kazi ya Jefwa, kitinda mimba wangu, mwenye miaka minne. Kwa mwaka mzima aliwika vizuri tu. Jumamosi moja, hadithi ilipofika Makupa nikamtazama, alikuwa amefunga mdomo.

"Wika, baba," nikamwambia.

"Sitaki. Mimi si jogoo."

"Jogoo ndiye anayeniamsha mimi. Bila yeye hadithi haiishi."

"Kiti ni babu. Dama ni nyanya. Mimi sina mtu." Midomo ilianza kumtetemeka. "Kiti asema mimi niliokotwa Marikiti, kwenye makapi ya kabichi."

Kiti akainamisha kichwa. Nilitaka kumchapa kofi, lakini mkono wenyewe ulijua nani wa kuchapwa. Mtoto wangu alikuwa amehesabu watu wa hadithi, akajikosa, na akaamini kwamba yeye si wetu. Aliyemtoa humo ni mimi.

"Mama," akasema Dama, bila kugeuka kwa kuwa nywele zake zilikuwa mkononi mwangu, "kwani jina la Jefwa ni la nani?"

Jefwa ni kaka yangu. Nilimpa mwanangu jina hilo kwa mapenzi, na alipozaliwa, kaka mwenyewe ndiye aliyemshika wa kwanza. Kisha mwaka uliofuata mama akafa. Kaka ni dereva wa malori ya makontena, alikuwa anateremka kutoka bara, na siku ya mazishi akapiga simu: nimekwama kwenye foleni Mariakani, nisubirini. Mariakani na kwetu Mazeras si mbali. Wazee wakaniuliza, tungoje? Mimi nina hasira, sikatai, na siku hiyo nilikuwa na hasira na kila mtu aliyekuwa hai. Nikasema zikeni. Alipofika, mchanga ulikuwa umeshamwagwa na watu wananawa mikono ili wale. Nikamwambia mbele ya wote, "Umekuja kula wali." Akageuka, akaondoka bila kunywa hata maji.

Miaka mitatu hatukusemezana. Yeye yuko Bondeni, mimi niko hapa, na kisiwa hiki ni kidogo, kumkwepa mtu ni kazi ya kila siku. Hata hadithini nikamfukuza. Nikaweka jiwe mahali pake.

Nikawaambia watoto. Sikuwaambia yote, lakini niliwaambia kwamba hapakuwa na jiwe. Aliyeushikilia mkokoteni ule pale Makupa ni mjomba wao, mtoto wa miaka kumi, ameinama, mgongo ameutia chini yake, na alikataa kuniamsha nishuke.

Jefwa mdogo akafuta kamasi. "Yuko wapi?"

"Bondeni."

"Bondeni hii?" akauliza Kiti.

"Hiyo hiyo."

"Basi twendeni," akasema Dama. "Ni kwa miguu tu."

Usiku ule sikupata usingizi mwema. Jumapili baada ya kanisa nilipika wali wa nazi, sufuria nzima, nikaifunga ndani ya leso. Njiani niliuwaza mlango wake. Kunifungia mlango mimi ni haki yake, lakini yule mdogo alikuwa ameshavaa viatu vya Krismasi, anatembea mbele yetu, na mlango ukifungwa leo utamfungia yeye kwanza. Nilimwomba Mungu kimya kimya kuanzia nyumbani hadi mlangoni pa kaka.

Mkewe, Everlyne, ndiye aliyefungua. Alinitazama, akatazama sufuria, akaita ndani, "Baba Kate, una wageni."

Kaka alitoka na shuka kiunoni. Ameota mvi. Hakunisalimu.

"Nimekuletea wali," nikasema. "Ule wa Mazeras ulikuwa haki yako, na kungojewa pia kulikuwa haki yako. Nilikukosea, kaka. Mama alikuwa wako kama alivyokuwa wangu."

Nilisikia sauti ya redio ya jirani na machozi yangu mwenyewe yakinidondoka kwenye leso. Ndipo yule wa viatu vya Krismasi akapenya katikati yetu, akainua uso.

"Wewe ndiye Jefwa?"

"Ndimi," akasema kaka.

"Na mimi ni Jefwa. Mkokoteni ulikuwa mzito?"

Kaka akachuchumaa taratibu mpaka nyuso zao zikalingana. Alimtazama mtoto muda mrefu. Mara ya mwisho kumwona alikuwa hajaanza kutembea.

"Ulikuwa mzito, somo yangu," akasema. "Ingieni, n'takwambia."

Tukala kwenye mkeka, sote kutoka sinia moja, na kaka akala wali mpaka nikaona aibu ya furaha. Halafu akasimulia zamu yake, na humo mlikuwa na jambo nisilolijua. Ile pini ya gurudumu haikupotea. Ilikuwa inalegea tangu Miritini, akaichomoa ili amwonyeshe baba, akaanza kuichezea, akasahau. Gurudumu lilipochomoka, pini ilikuwa mfukoni mwake.

"Kwa nini hukuitoa?" nikamwuliza. "Mimi siku zote nilijua ulinibeba kwa mapenzi."

"Nilimwogopa baba kuliko nilivyouogopa mzigo," akasema. "Na mapenzi pia yalikuwepo. Ulikuwa umelala vizuri."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, na Everlyne akanipa pembe ya kanga yake nijifute.

"Tusimulie yote, kuanzia mwanzo," akasema Dama. Alikuwa ameshakaa mkao wa nyanya yake.

Nikaanza, Mazeras, alfajiri. Kiti akasema lake, Dama akasahau mwiko wake. Tulipofika Makupa nikasema, "Na Jefwa..." Kaka akafungua mdomo.

Mdogo akamwekea kiganja kifuani. "Hapana. Mimi ndiye Jefwa." Akainama, akaweka mikono magotini, mgongo ameukaza chini ya mkokoteni ambao sisi wote tuliuona. Akasema bila kuinua kichwa, "Mjomba, wewe utakuwa jogoo."

Kaka akanitazama mimi. Mwanamume wa miaka arobaini na zaidi, anayepeleka makontena hadi mpakani.

"Wika basi," nikamwambia. "Mimi bado nimelala."

Akajikohoza, akaweka mikono mdomoni, akawika hadi jirani akapunguza redio.