Asta za Bi Hostetter na Kanuni ya Inchi Kumi

Barua ya mji ilibandikwa mlangoni kwa Dorla Hostetter kwa utepe wa gundi, kama tangazo la mbwa aliyepotea. Ilisema kwamba mbele ya nyumba yake kuna nyasi na magugu yaliyozidi inchi kumi, na kwamba amepewa siku saba kuyafyeka. Akishindwa, mji utaleta mashine. Dorla aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaisoma tena. Magugu yalikuwa bado magugu.

Hayo magugu yalikuwa asta zake, maua ya zambarau ya mwisho wa kiangazi, mashina arobaini na kitu yaliyomfika kiunoni, yamejaa vitumba vilivyofumba kama ngumi za mtoto mchanga. Ilikuwa katikati ya Septemba. Katika mji mzima wa Pruitt Mills, Ohio, watu walikuwa wameshapanga vibarazani vyungu vya maua ya dukani, mviringo safi, rangi safi, na nyuki akitua humo huondoka na njaa aliyokuja nayo. Asta ndizo zilizobaki. Zikichanua ndipo nyuki wakubwa wenye manyoya hula mlo wa mwisho, na malkia wao hunenepa kidogo kabla ya kujifukia ardhini kungoja majira ya kuchipua. Zisipochanua kabla ya baridi kali, basi tena.

Alimpigia simu mkaguzi wa mji, Lyle Brubaker. Lyle alikuja na rula yake ya chuma. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na wajukuu wawili, lakini kwa Dorla alikuwa bado yule wa kiti cha nne kushoto, mla peremende kwa siri. Dorla alikuwa ameendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja. Nusu ya mji ilipita mgongoni mwake.

"Bi Hostetter," Lyle alisema, "inchi arobaini na mbili."

"Nakushukuru. Nilidhani zimedumaa."

"Watu wamelalamika. Wanasema hawaoni ua hata moja."

"Hawaoni kwa sababu yako, Lyle. Mimi huzipunguza mwezi wa Juni, kabla ya sikukuu ya Uhuru ya Julai nne, nusu ya shina, ili zisirefuke zikaanguka. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Mwaka huu nani alikuja hapa mwishoni mwa Julai akaniambia zinaziba njia ya watu, nizikate tena?"

Lyle alikuna shingo. "Mimi."

"Nikakata. Mchana wa jua, na huku najua nakosea. Ukikata asta Julai ikiishia, unaichelewesha majuma mawili au matatu. Leo zingekuwa zambarau tupu hapa. Nimewatii mkaniita mchafu kwa kuwatii."

"Mama, mimi siandiki kanuni. Mimi nina rula tu." Akashusha sauti, akatazama barabarani kama mwizi wa kuku. "Lakini bustani hairuhusiwi kuguswa. Bustani ni kitu chenye mpaka unaoonekana na kibao. Chimba kamstari, simika kakibao, nami nitaandika kwamba ni bustani."

"Mimea hii hii?"

"Hii hii."

"Bila kuongeza wala kupunguza jani?"

"Ndivyo kanuni ilivyo."

Dorla alimtazama mpaka Lyle akaanza kuchezea kofia. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema. "Nilikuwa nawe kila asubuhi miaka tisa na sikukukunja. Kosa langu. Nenda zako. Mimi siwekei kibao kitu ambacho Mungu amekwisha kukijua. Nyuki hawasomi."

Siku tano alikaa na hasira yake, akaila na mkate asubuhi, akailalia usiku. Aliwaambia waliopita, na wasiopita akawapigia simu. Ati ukizungushia kitu uzi kinakuwa bustani, ukiutoa kinakuwa kosa. Basi na azungushiwe uzi mkaguzi, huenda akawa mtu.

Siku ya sita, upande unaopigwa na jua, asta tatu zilifunguka. Tatu tu, zambarau, katikati njano. Alipotoka na kikombe cha kahawa alikuta nyuki wawili wamezing'ang'ania, mmoja akiwa na mabawa yaliyochanika kwa kazi ya kiangazi kizima. Walikula bila kumjali. Dorla alisimama hadi kahawa ikapoa. Aliona kwamba ujeuri wake ni haki yake, lakini anayeulipia ni mwingine.

Asubuhi ya saba Duane, mfyekaji wa mji, aliteremsha mashine yake kutoka kwenye gari, akaiwasha, akaisukuma kuelekea mbele ya nyumba, akasimama ghafla. Mbele yake, juu ya asta, kilikuwa kibao chekundu cha pembe nane, kilekile cha ubavuni mwa basi la njano, kinachofunguka kusimamisha magari watoto wakishuka, ambacho shule ilimpa Dorla siku ya kumuaga. SIMAMA. Chini yake, udongo mbichi, mtaro mdogo umechimbwa kuzunguka shamba lote, umenyooka kama uzi.

Duane alizima mashine. Alikuwa wa kiti cha mwisho, huyo.

"Sipiti hapo," alimwambia Lyle aliyekuwa anashuka garini. "Nilishamwona mwenye gari aliyekipita kibao hicho basi limesimama. Bi Hostetter alimfuata hadi kwao."

Lyle alizunguka mtaro akiandika. Mpaka, upo. Kibao, kipo. Alipofika pembeni alisita. Shina moja lilikuwa nje ya mstari, upana wa kidole.

"Hili liko nje, Bi Hostetter."

"Naliona. Nililiacha kwa makusudi." Dorla alikuwa amekaa kwenye ngazi za kibaraza, mikono imejaa matope. "Sheria ni msumeno. Kata."

"Naweza kujifanya sikuliona."

"Huwezi. Umekuja na rula. Kata, tujue sote umekata nini."

Lyle alitoa kisu cha mfukoni. Alikata taratibu, akabaki amelishika, hajui aliweke wapi. Lilikuwa na vitumba ishirini, viwili vikionyesha ncha za rangi.

"Gugu lako hilo," Dorla alisema. "Nenda nalo."

Siku nne baadaye, asta zikiwa zimefunguka karibu zote na mtaa ukivuma kwa nyuki, simu ililia jikoni.

"Bi Hostetter, ni Lyle. Lile shina. Nililitia kwenye glasi ya maji, hapa mezani ofisini." Akaongeza: "Limechanua."

"Inchi ngapi?"

"Sijapima."

"Lipime, Lyle," Dorla alisema. "Kisha uliandikie barua."