Pampu ya Duara Namba Saba

Alhamisi ya kwanza ya mwezi ni siku ya kliniki ya presha. Salvina na mumewe, Telesphori, walifika zahanati saa moja asubuhi, wakaweka daftari lao chini ya rundo la madaftari mezani, wakakaa kwenye benchi. Saa nne Nesi Kudra alimfunga Telesphori mkanda mkononi, akapampu, akasoma.

"Mia moja sabini na nane kwa mia na mbili. Baba Goodness, unazimeza?"

"Nameza."

"Huzimezi."

Telesphori akatazama bango la chanjo ukutani. Nesi akaandika, akampa vidonge vya siku kumi badala ya thelathini kwa kuwa ndivyo vilivyobaki, akaita mwingine.

Salvina aliijua sababu. Mumewe alikuwa akificha vidonge ndani ya kiberiti ili wachimbaji wenzake wasivione. Mwezi uliopita Chacha, kijana mwenye maneno kuliko mikono, aliomba kiberiti awashe sigara, akakifungua.

"Shikamoo mzee!" alipiga kelele. "Kumbe uko kwenye dawa!"

Pale machimboni, mtu akisemwa yuko kwenye dawa, hakuna anayeuliza dawa ya nini. Wote wanadhani ni UKIMWI. Siku hiyohiyo hakuna aliyekubali kunywa maji kwenye kikombe cha Telesphori, naye tangu hapo hakumeza kidonge hata kimoja.

Kwa hiyo Salvina alilichukua daftari la kliniki, akalipeleka mwenyewe kwa Ndaki, msimamizi wa duara namba saba, shimo la dhahabu alimochimba mumewe, ili asome kwa macho yake kwamba ugonjwa ni presha. Ndaki alikuwa amekaa juu ya gogo. Nyuma yake wachimbaji wanane walikuwa wakicheza drafti kwa vizibo vya soda, maana maji yalikuwa yamejaa tena kule chini. Njia ya kufuata mwamba wa dhahabu ilianzia sentimita mia na arobaini kutoka kitako cha shimo. Maji yakivuka hapo, hakuna kazi.

Ndaki akasoma namba za daftari polepole kwa kidole. Kisha akatoa karatasi mfukoni, ile anayoandikia kina cha maji kila akishusha futikamba. Tarehe zilikuwa zilezile. Mia moja sitini na mbili, mia moja sitini na mbili. Mia moja arobaini na nane, mia moja arobaini na nane. Siku ile alikuwa amepima mia moja sabini na nane.

"Kumbe ni yeye," alisema, akakunja karatasi.

Hakuna aliyelipinga. Telesphori ndiye aliyelianza duara lile kwa sururu yake, miaka sita iliyopita. Duara namba tatu nalo lilikuwa likikohoa kama mwanzilishi wake, na watu walikuwa wamelizoea.

Kuanzia kesho yake ikawa sheria: Telesphori hazami mpaka ameze mbele ya watu. Wachimbaji walijipanga mdomoni mwa shimo na kofia zao kama wanasubiri komunyo.

"Inua ulimi, mzee," Chacha alisema. "Usije ukatufichia kama mtoto."

"Chungulia vizuri, labda utaona na akili zako zilikopotelea."

Wakacheka, na kikombe kikarudi kuwa cha wote. Maji yakashuka hadi mia moja hamsini, halafu mia moja thelathini na sita, halafu mia moja ishirini na nne. Kwa wiki moja mwamba ulikuwa mkavu. Salvina alilala usingizi mzuri ambao hakuwa ameupata tangu Pasaka.

Siku ya kumi na moja vidonge vikaisha. Zahanati hapakuwa na kitu. "Nendeni dukani mjini," alisema Nesi Kudra, naye alionekana kuchoka kuisema sentensi hiyo. Vya dukani vilikuwa vya aina nyingine. Vilimvimbisha Telesphori miguu hadi buti zikakataa. Akarudi mjini, akapewa vya kukojoza. Sasa, duara lina mita arobaini, na kukojoa karibu na mwamba ni mwiko, kwa sababu dhahabu hukimbia. Kila nusu saa Telesphori alipanda mita arobaini, akakojoa, akashuka mita arobaini.

"Mzee anafanya kazi ya kukojoa," walinung'unika wenzake. "Sisi tunachimba, yeye anamwagilia nyasi."

Siku ya tatu akaviacha.

Maji yakapanda. Safari hii Ndaki hakuuliza habari za vidonge. Alimwambia Marselino, mwenye duara, naye akaleta pampu kutoka Kahama, nyekundu, mpya, ikingali na nailoni kwenye mpini. Ilivuta kwa saa tatu. Ndaki alishusha futikamba, na jioni akapita kwa Salvina kumpa habari njema.

"Tisini, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Hajawahi kuwa mzima namna hii."

"Hayo si maji tu mmevuta?"

"Ni hayohayo, mayu. Tumeyapima."

"Ndaki, mmevuta maji. Yeye hamjamfanya kitu."

Ndaki alimtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mwanamke mwenye wasiwasi mwingi.

Salvina alikwenda kwa mumewe na maneno yaleyale. Telesphori alikuwa akinoa sururu.

"Mama Goodness, tisini umeisikia mwenyewe. Na mimi siumwi popote. Nimeze nini?"

"Hata siku ile ya mia moja sabini na nane hukuwa unaumwa popote."

"Basi unaona? Siumwagi."

Salvina alijaribu kumfichia kidonge kwenye wali. Telesphori alikitoa kwa ncha ya ulimi, akakiweka ukingoni mwa sahani. "Mke wangu, siku hizi mchele huchambui?" Watoto wakacheka. Salvina naye alicheka, na baadaye, akiosha sahani ile, hakujisamehe kile kicheko.

Kwa miezi miwili na nusu Ndaki alisoma themanini na tano, tisini, tisini na mbili. Jumanne moja saa nne asubuhi, Telesphori akiwa juu anafunga kamba ya winchi, upande wa kulia wa uso wake ulilegea, akaanguka. Pampu ilikuwa inanguruma. Maji yalikuwa tisini na moja. Alifariki kabla pikipiki haijafika barabara kuu.

Wakamzika kwao Ushirombo. Kwa heshima yake pampu ilizimwa siku tatu, na maji yakapanda hadi mia mbili na kumi, yakasimama hapo. Wengine walidhani yangekauka, kwa kuwa mtu mwenyewe hayupo. Hayakukauka. Siku ya nne Ndaki akawasha pampu na kazi ikaendelea.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi Salvina alikwenda zahanati kurudisha daftari, kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kulipeleka. Nesi Kudra akafungua kurasa.

"Miezi mitatu hajaonekana. Nilishamwandika mtoro."

"Amefariki, nesi."

"Jamani. Pole sana, mama." Akainamisha kichwa, akaiheshimu habari ile. Kisha akashika kalamu. "Na maji ya duara? Hata huku tunasikia."

"Mia mbili na kumi. Wamepima leo asubuhi kabla ya kuwasha pampu."

Nesi akaandika mia mbili na kumi, na mahali pa namba ya chini akaweka kistari. "Bado iko juu mno. Huyu alitakiwa aanze dawa mbili leo." Alifungua kabati. Mlikuwa na pamba na boksi moja la glavu. "Lakini zimeisha. Arudi mwezi ujao, Alhamisi ya kwanza. Na umwambie asikatishe tena."

Salvina alisema atamwambia. Akachukua daftari, akampisha aliyefuata.