Mng'aro wa Kiungo cha Saba

Kila asubuhi wafanyakazi wa kinu cha nyuklia, pale pwani ya Fukui, Japani, walisimama uani wakafanya mazoezi kwa kufuata redio. Jumatatu ile, mikono ilipoinuliwa, ubavu wa Teppei Mimura ulipasuka kutoka kwapani hadi kiunoni. Damu ikamwagika kwenye changarawe. Aliyesimama nyuma yake akasogea hatua moja asichafue viatu. Redio ikaendelea kuhesabu.

Dada yake, Shizue, aliona akiwa kwenye mstari wa wahandisi. Akajua ni kiungo cha saba.

Kazi yake ilikuwa kukadiria kwa kompyuta hatari ya nyufa kwenye mabomba ya kinu, kwenye viungo, pale yalipochomelewa. Chuma kilichobaki na msongo wa kuchomelewa, huku maji ya moto yakikilamba, hupasuka polepole bila kelele. Teppei alivisugua viungo vyote kwa grainda mpaka vikang'aa, maana gavana angekuja, na mgeni haonyeshwi kovu. Kumbe kusugua kule kulikakamaza ngozi ya chuma, na ufa hupenda kuanzia hapo. Cha saba peke yake kilitosha kuzuia kinu kisiwashwe. Ijumaa, Hatakeda, mkuu wa idara, alimwagiza Shizue aufute msuguo wa kiungo hicho kwenye hesabu. Akaufuta.

Sasa alikimbilia mezani kwake, akaurudisha. Kule uani ubavu wa nduguye ukajifunga kama mlango wa kabati.

Hatakeda akaja na kikombe cha chai.

"Mimura, nani kakuruhusu?"

"Mdogo wangu amepasuka, mkuu."

"Nimeona. Pole sana." Akainama kwa heshima. "Gavana anakuja Alhamisi. Futa."

Teppei aliingia, shati limeganda damu.

"Mkuu, ukitaka kunipasua chukua shoka! Unamtumia dada yangu kwa nini?"

"Nani alikwambia ulirembe bomba kama bibi harusi?"

"Wewe! Na ulijitazamia humo ukachana nywele!"

Teppei akamtandika ngumi ya mdomo. Meno mawili yakaanguka juu ya kibodi. Hatakeda akayaokota, akapangusa vitufe kwa leso, akaelekeza kidole kwenye skrini, palepale penye kiungo cha saba.

"Usipofuta wewe, atafuta Nishio," alisema, damu ikimtoka kidevuni. "Na Nishio ana papara. Atafuta vyote."

Nishio, wa meza ya pili, akanyoosha vidole vyake tayari.

Shizue akamtazama nduguye. Viungo vyote alivisugua yeye.

"Bonyeza wewe, dada," Teppei alisema. "Huyu mpumbavu atanichanachana kama ngisi."

Akabonyeza. Nyama ikaachana, mbavu zikaonekana nyeupe, na Teppei akapiga magoti juu ya zulia huku akimtukana Hatakeda, mama yake, na mama wa mama yake. Mhudumu akaleta taulo.

Alhamisi asubuhi Hatakeda, mwenye pengo sasa, alikagua mstari wa mapokezi akasimama mbele ya Teppei.

"Mgeni haonyeshwi kovu," alisema.

Wakamlaza kwenye meza ya karakana. Wanne wakamshika, yeye akang'ata glavu ya ngozi, grainda ikapita ubavuni mwake, cheche zikaruka mpaka darini. Alipiga teke, akamvunja mmoja pua. Walipomaliza, ubavu ulikuwa laini, unang'aa. Gavana alipofika mbele yake akauona uso wake humo, akanyoosha tai, akainama. Teppei naye akainama, taratibu, asijipinde sana.

Kabla ya kuwasha, kama ilivyo desturi, mhandisi husimama, huonyesha kwa kidole na kutamka kwa sauti. Shizue alionyesha skrini. Namba ya hatari ilikuwa ndogo kabisa.

"Kiungo cha saba, imara!"

"Imara!" wakaitikia wote.

Kinu kikaanza kunguruma. Katikati ya makofi Shizue akasikia mlio mdogo, ta, chini ya ule mng'aro wa ubavu wa nduguye. Hakugeuka. Gavana naye aliusikia, akasogea hatua moja asichafue viatu.