Kuku wa Kinga

Tangu aolewe, Émérance hakuwahi kuamka bila kuulizwa kitu. Chumvi iko wapi, maji iko wapi, mutoto analia nini. Kwa hiyo mume wake Octave, kapita, msimamizi wa kazi za barabara pale Kabambare, alipopewa konji, likizo yake, na kusema kwamba mara hii watakwenda kupumzika Kasongo, katika nyumba ya kupanga, mwanamke alikaa chini kwanza. Habari ya namna hiyo huisikilizi umesimama.

Nyumba ilikuwa ya Moustapha, mchuuzi wa Kasongo aliyepita Kabambare kila kiangazi kununua mawese. Alikuwa mtu wa dini na mtu wa biashara, na yote mawili aliyafanya kwa mdomo mtamu. Alitaka mbuzi mmoja kwa kodi, na alitaka kuondoka naye siku ileile. Mbuzi mwenyewe alikuwa wa Émérance, aliyemlea kwa maganda ya muhogo tangu akinyonya.

"Na tukishindwa kuja?" aliuliza Émérance.

"Hapo mbuzi ameliwa, Mama Feza. Nyumba yangu itakuwa imewangojea bure." Moustapha alijikuna kidevu. "Lakini njia iko. Mniongezee kuku mmoja, kuku wa kinga. Homa ikiwashika, daraja likivunjika, bwana wa teritwari akiwanyima karatasi ya safari, nawarudishia mbuzi. Mkifika salama, mbuzi wangu, kuku wangu, na Mungu wetu sote. Fikirini, nitapita kesho."

Shida ilikuwa kuku. Pale uani alikuwapo mmoja tu anayestahili jina hilo, tetea mwekundu, mnene, na huyo alikuwa wa mama mkwe. Mama mkwe hakuwa amemwomba, wala hakujua kama yuko. Lakini mwanaume mwenye akili anafuga kuku kwa ajili ya siku ambayo mama wa mke wake atatokea njiani bila taarifa. Akitokea, mkwe hamtazami usoni wala halali naye chini ya paa moja. Hiyo ndiyo heshima. Kuku, hata hivyo, lazima ampe. Mama akirudi kwao mikono mitupu, jina la yule mwanaume litatwangwa pamoja na majani ya sombe katika kila kinu cha Lusangi, kijijini kwake.

"Kuku huyu iko kinga tayari," alisema Octave. "Kinga yangu mimi. Ni kiangazi, daraja litavunjwa na nini? Homa hatuna. Na ofisini wananijua."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, Baba Feza."

"Na mama yako akija?"

Émérance alicheka. Mama yake, Régina, aliogopa kupanda kamio kuliko chui. "Mama hatoki Lusangi hata paungue."

Kusema kweli, mwanamke alikuwa na hofu. Ile nyumba ya Kasongo hakuwahi kuiona, lakini baraza yake alikwisha kuikalia moyoni, miguu ameinyoosha, na kitu unachokitaka namna hiyo ndicho unachokiogopea. Asubuhi, Octave alipokwenda kazini, alimkamata tetea mwenyewe na kumkabidhi Moustapha. Jioni Octave alikuta kitundu kitupu, akanuna mpaka sombe ikapoa sahanini.

Siku ya safari ilifika. Karatasi ilitoka, homa haikuonekana, daraja lilisimama kama kawaida. Kamio ilikuwa barabarani inapakia, Feza mdogo ameshikwa mkono, mlango umefungwa. Ndipo kwenye kona kikatokea kikapu, na chini ya kikapu Mama Régina, kwa miguu, vumbi mpaka magotini.

Octave alitokomea nyuma ya nyumba, kwa heshima. Sauti yake ikavuka ukuta, polepole: "Mama Feza. Kuku iko wapi?"

Émérance alihesabu kwa vidole. Homa, daraja, karatasi. Mama mkwe hakutajwa. Nani atamwacha mama yake mlangoni apande kamio? Na Octave ataondokaje na aibu ile shingoni? Mbuzi amekwenda, kuku amekwenda, na baraza nayo inakwenda. Aliketi juu ya mzigo wake akalia, na huku analia akamweleza mama yake yote, mpaka kuku.

Mama Régina alitua kikapu. Alizungumza na binti yake, lakini kwa sauti ya kufika nyuma ya nyumba.

"Mwambie mume wako, najua ananisikia. Wauza chumvi waliniambia mutoto yangu anakwenda kupumzika. Nikajiuliza, atapumzika namna gani, na nani atapika? Humu iko mchele na samaki wakavu. Nimekuja twende wote."

"Mama, kamio unaiogopa."

"Sana. Nitafumba macho."

"Na kuku?" iliuliza sauti nyuma ya nyumba.

"Mwambie kuku amenitangulia."

Basi wakaenda. Mama Régina alikaa mbele na dereva, macho amefumba, akisali kwa sauti kila kamio iliporuka. Octave alikaa nyuma kabisa, juu ya magunia, mgongo ameugeuzia mbele, na alifika Kasongo shingo imekakamaa kwa adabu.

Moustapha aliwapokea mlangoni. Kuku alikuwa wake kwa haki, maana walifika salama. Alimtazama mzee akishuka, akamtazama Octave aliyejibanza nyuma ya gurudumu, akaelewa.

"Mimi pia niko na mama mkwe," alisema, akamfungua tetea kamba.

Octave alimpokea kuku akampa Feza, Feza akampelekea Émérance, naye akampa mzee kwa mikono miwili. Mzee akasema kuku huyu aliwe leo na wote. Moustapha alimchinja mwenyewe, apate kula na yeye. Usiku Octave alikwenda kulala kwa Moustapha, kwa sababu ya paa.

Asubuhi Émérance aliamka jua limekwisha kupanda. Kinu kilikuwa kinalia jikoni, uani. Akakimbilia huko, kwa mazoea.

"Toka," alisema mama yake, bila kugeuka.

Akatoka. Akaketi barazani. Furaha ilimjaa mpaka akaona haya. Mbele yake watu walikuwa wanakwenda sokoni, na hakuna hata mmoja aliyemtaka kitu. Kisha Feza akaja mbio.

"Mama, chumvi iko wapi?"

"Muulize mama yangu," alisema Émérance, akanyoosha miguu.