Fungua Shati, Baba Saada

Salha aliitamani ile cherehani mpaka ikawa aibu. Akienda dukani kwa Mzee Abdulmalik kununua chumvi, chumvi anaisahau. Anasimama mbele ya kioo, kikapu mkononi, anaikodolea macho: nyeusi, ya miguu, ina maua ya dhahabu ubavuni, na meza yake ya mbao inang'aa. Anarudi nyumbani mikono mitupu, mboga inaliwa bila chumvi, na mumewe Sefu ananung'unika.

Nyie mnaocheka, chekeni tu. Hamkuwapo Same miaka ile ya foleni, sabuni ilipokuwa habari ya kunong'onezana, na khanga moja ikagombewa na wanawake mpaka ikachanika. Salha alikuwa fundi, tena fundi hasa. Shangazi yake ndiye aliyemfundisha kule kwao Kisiwani, na Salha alikuwa na mkono wa ajabu: alikuwa akikukata gauni kwa macho tu, na gauni linakukaa kama ulizaliwa nalo. Lakini alipoolewa na kuja mjini, cherehani ya shangazi ilibaki kwa shangazi, na vitambaa navyo vikatoweka madukani. Ufundi wake ukalala.

Sasa serikali ilikuwa imelegeza kamba. Maduka yakaanza kujaa. Vitenge vilirudi, mitumba ikamwagwa chini kila siku ya gulio, watu wakachagua huku wakikanyagana. Na kila mwanamke aliyekutana na Salha bombani alimwambia neno lile lile: "Mama Saada, ungekuwa na cherehani, sisi tungekwenda kwa nani mwingine?" Ungekuwa, ungekuwa! Neno hilo lilikuwa likimchoma.

Na Mzee Abdulmalik hakuiuza. Mfanyabiashara mzima, anakuletea kitu kama kile kutoka Dar, anakiweka kwenye kioo, halafu anasema hakiuzwi! "Hii hainunuliwi," aliwaambia watu, ndevu zikimcheza kwa furaha. "Hii inachezewa. Idi pili, hapa hapa barazani kwangu. Atakayekuwa bingwa wa maneno aibebe aende zake."

Bingwa wa maneno, maana mzee huyo alikuwa na ugonjwa wake mmoja: mchezo wa herufi, aliojifunza ujanani Mombasa. Mchezo wenyewe ni ubao wa vyumba vyumba, na mfuko wa vibao vidogo, kila kibao kina herufi moja. Unavuta vibao saba bila kuchungulia, unaunda neno la Kiingereza, unaliunganisha na maneno yaliyokwisha kuwekwa, unahesabiwa pointi. Vibao vikiisha, mwenye pointi nyingi ndiye mshindi. Basi! Lakini kwa sababu ya ubao huo watu wazima wa Same walishawahi kushikana mashati, huyu anasema neno lipo, yule anasema umelitunga wewe na mama yako. Ndipo Mzee Abdulmalik alipoweka sheria: neno likibishiwa, lionekane limechapishwa. Kwenye kamusi, kwenye kopo, popote pale, mradi macho yaone. Lisipoonekana, linatolewa.

Sefu, karani wa stesheni ya reli, alikuwa mchezaji hatari. Silaha yake aliiita mkia.

"Mama Saada, tazama," alimwambia Salha kila jioni, ubao ukiwa juu ya mkeka. "N, E, S, S. Ukishauficha mkia huu mkononi, unangoja mtu aweke neno fupi, halafu unambandikia kwa nyuma. Kaweka dark? Darkness! Kaweka sick? Sickness! Neno lake linakuwa lako, pointi zake unazila wewe!"

Salha, mwiko mkononi, alifikiri kidogo. "Kumbe ni kama sisi. Mtu mvivu, tunasema uvivu. Kitu kizuri, tunasema uzuri. Ila sisi tunaweka kichwa, wao wanaweka mkia."

"Wewe koroga, makande yanaungua," Sefu akasema.

Salha akakoroga. Lakini tangu siku ile akili yake haikutulia. Alikuwa ameishia darasa la saba, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, ila kila neno Sefu alilolitamka yeye alilidaka na kulijaribisha mkia. Akijitwika ndoo ya maji, heavy, heaviness. Jirani akimpita bila salamu, rude, rudeness. Alicheka peke yake njiani, watu wakamshangaa. Ilikuwa raha tupu, raha ya mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba asiyoijua ina vyumba vingapi. Na juu ya raha hiyo, Sefu alikuwa ameapa mbele ya rafiki zake: "Nikishinda, cherehani ni ya mke wangu."

Idi pili ikafika. Loo, baraza lile! Watu walijaa mpaka juu ya magunia ya mahindi. Wakata mkonge walikuja na nguo zao za sikukuu, wachuuzi wa samaki walipanda kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, na gari la kabeji liliteremsha watu wa milimani wakiimba. Sefu alikaa ubaoni na shati jeupe zito la kushonwa na fundi, limefungwa vifungo mpaka kooni, na joto la Same mnalijua. Jasho lilimtiririka, lakini kifungo hakufungua. Alikuwa mtu wa majivuno, Sefu. Nguo za mitumba aliziita kafaulaya, yaani nguo za mtu aliyekufa Ulaya, na kila gulio alipita akiwacheka walioinama kuchagua.

Wachezaji waliangushwa mmoja mmoja hadi wakabaki wawili: Sefu, na msichana wa Mhezi, kule milimani, aitwaye Evaline. Huyu alikuwa amemaliza kidato cha nne, na mdomo wake haukujua mapumziko. "Karani, kunywa maji," alimtania Sefu, "treni inakuacha!" Watu wa milimani wakaangua kicheko. Mama yake alikuwa fundi nguo, na cherehani yake ilikufa miaka ile ya shida kwa kukosa kipuri kidogo tu. Evaline aliwatangazia hilo wote waliokuwapo bila kuulizwa, na kusema hapandi mlimani mikono mitupu.

Mchezo ulipamba moto. Huyu anaongoza, yule anampita. Salha alikuwa amesimama nyuma kidogo ya mumewe, ameshika mkono wa binti yake Saada, na bila kujua alikuwa akiuminya mpaka mtoto akalia. Mfuko ukaisha vibao. Sefu alikuwa mbele kwa pointi chache, amebakiwa na vibao viwili visivyoingia popote. Evaline alikuwa na vinne. Akautazama ubao, akautazama tena, akatabasamu. Palikuwa na neno fupi pale pembeni, FIT, ambalo Sefu mwenyewe aliliweka zamani. Evaline akashusha vibao vyake nyuma yake, kimoja kimoja, kwa madaha: N. E. S. S.

"Fitness!" akapiga kelele. Mkia! Karani kapigwa kwa silaha yake mwenyewe! Watu wa Mhezi walirukaruka mpaka vumbi likatimka.

"Nabisha," Sefu akasema. "Hilo si neno."

Mwamuzi alikuwa Mwalimu Tumainieli, mstaafu, mtu wa taratibu. Akafungua kamusi yake. Akafunua, akarudi nyuma, akafunua tena, halafu akaivua miwani.

"Kurasa za F hazipo," akasema kwa unyonge. "Miaka ile karatasi ilipoadimika, marehemu baba alizisokotea tumbaku."

Jamani! Kicheko, matusi, vilio, vyote kwa pamoja. "Babu kavuta herufi nzima!" Evaline alikuwa amesimama, anapiga kifua. "Neno lipo! Nimelisoma shuleni kwa macho yangu!" Lakini sheria ni sheria. Mwalimu Tumainieli akamwita muuza kahawa, akajaziwa kikombe. "Nitakunywa kahawa hii," akatangaza. "Ikiisha kabla neno halijaonekana limechapishwa, linatolewa, na Sefu ndiye bingwa." Akapuliza, akanywa funda la kwanza.

Sijawahi kuona duka likipekuliwa vile. Watu walimvamia Mzee Abdulmalik, wakashusha makopo, maboksi, paketi za sabuni, mafuta ya nywele, wakasoma kila kilichoandikwa. Mmoja alikuja mbio na boksi la majani ya chai, mwingine na gunia la mbolea. Mwenye kusoma alisoma, asiyejua kusoma alileta tu. "Hili je?" "Siyo!" "Na hili?" "Siyo, toa!" Mwalimu akanywa funda jingine.

Salha hakukimbilia popote. Alikuwa amekauka pale pale aliposimama. Maana neno lile alilijua, na alijua lilipo. Ndani ya lile shati jeupe, chini ya vile vifungo, Sefu alikuwa amevaa fulana ya mtumba. Ndiyo, Sefu huyo huyo wa kafaulaya! Aliinunua kwa siri huko Moshi, akaipenda kwa ulaini wake, na Salha aliifua na kuianika chumbani nyuma ya mlango ili majirani wasiione. Kifuani pake limeandikwa neno moja, kwa herufi kubwa nyekundu. Salha alilisugua kila alipofua. Hata lilivyobanduka kidogo kwenye S ya mwisho alijua.

Na Sefu alijua pia. Salha aliuona mkono wake ukipanda taratibu na kukigusa kifungo cha juu, kuhakikisha kimefungwa. Hapo Salha akaelewa. Mume wake hakuwa amekosea. Alikuwa anadanganya, tena anadanganya kwa ajili yake, ili yeye apate cherehani.

Akaitazama cherehani pale kwenye kioo. Ilikuwa karibu kabisa. Kunyamaza tu, basi. Nani angejua? Aliwaza gauni la Saada, aliwaza wanawake wa bombani wakipanga foleni mlangoni kwake, alisikia kabisa ule mlio wa gurudumu. Nyamaza, Salha. Nyamaza, mama.

Mwalimu Tumainieli akakiinamisha kikombe, akatazama ndani, akalimaliza funda la mwisho. "Basi," akasema. "Binti, toa vibao."

Evaline, yule mwenye mdomo, hakusema kitu. Akanyoosha mkono, akatoa S moja. Machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya ubao. Akatoa S ya pili.

"Usitoe!" sauti ikapasuka. Salha mwenyewe alishtuka kuona ni yake. "Rudisha hapo! Neno lipo!" Na kabla hajajizuia, mbele ya wakata mkonge, mbele ya wachuuzi wa samaki, mbele ya wazee wa msikiti na wa kanisa, akamgeukia mumewe: "Baba Saada, fungua shati."

Heee! Mke anamwambia mume afungue shati hadharani! Wanawake walijifunika nyuso kwa khanga, huku wakichungulia. Sefu aligeuka polepole, uso umemshuka. Walitazamana. Salha macho hakuyaondoa.

"Kahawa imekwisha," Sefu akasema kwa sauti ndogo.

"Imebaki kidogo," Mwalimu Tumainieli akajibu haraka, na kikombe akakificha nyuma ya mgongo. "Fungua."

Kifungo cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Na pale kifuani, nyekundu kama pilipili, likatokea: FITNESS. Baraza likalipuka. "Kafaulaya! Karani kavaa kafaulaya!" "Njia ya mwongo fupi!" Mzee Abdulmalik alicheka mpaka akashikilia nguzo. Watu wa Mhezi walimbeba Evaline juu, kisha wakaibeba cherehani, na nyimbo zao zikasikika mpaka gari lilipoanza kupanda mlima.

Sefu na Salha walitembea kwenda nyumbani. Shati alikuwa hajalifunga. Walipofika mlangoni akasema, "Nilidanganya kwa ajili yako."

"Najua."

"Na sasa umeikosa."

"Najua!" Hapo Salha akakaa kizingitini akalia, akalia kweli kweli, kilio cha mtu aliyepoteza kitu chake. Sefu akachuchumaa mbele yake, hajui ashike wapi. Salha akajifuta kwa pembe ya khanga. "Ningeikalia vipi, Baba Saada? Kila ninapokanyaga ningemwona yule mtoto akitoa vibao."

Sefu akauliza, "Kwani wewe maneno ya mkia umeyajulia wapi?"

"Si unayapigia kelele kila siku masikioni mwangu? Darkness, sickness, kindness, laziness, ambao ni wewe, rudeness, ambao pia ni wewe..." Akaendelea hivyo, na kwikwi ya kilio ikiwa bado kooni, mpaka Sefu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini mavumbini.

Kesho yake asubuhi, duka la Mzee Abdulmalik lilipofunguliwa, mteja wa kwanza alikuwa Salha. Kwenye kioo palikuwa patupu. Alipaona, roho ikamuuma, akapita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Agiza cherehani nyingine."

Mzee akamtazama. "Fedha unayo?"

"Sina. Iweke kwenye mchezo wa Idi ya kuchinja. Nitacheza mimi."

"Wewe? Mke wa Sefu, ukae barazani ucheze na wanaume?"

"Jana nimemvua mume wangu shati hapo hapo barazani, leo nione haya ya kucheza?"

Mzee Abdulmalik akaanza kucheka tena, akajishika ubavu. "Yule binti wa Mhezi atarudi, wajua. Ni hatari yule."

"Na aje."

"Na ukishindwa je, Mama Saada?"

Salha alikwisha kugeuka kuondoka, kikapu begani, anatembea kwa haraka zake.

"Wewe agiza!"