Siku ya Joka

Mwalimu Quah alikuwa na ulimi mchafu, na siku ya kwanza ya masomo ya ziada aliwaambia wanafunzi wake wawili neno ambalo angefaa kulimeza. "Hicho chuo cha Uingereza mnachokililia, kutoka kisiwa chetu cha Penang kinachukua mmoja tu kwa hesabu. Kikichukua wawili, kimekosea." Akacheka peke yake, akaandika swali ubaoni.

Hui Fen alilimaliza kabla mwalimu hajaketi. Seow Ling, aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, bado alikuwa ananakili.

Wakagawana kazi. Kila mchana, mezani kwa bibi yake Hui Fen, Hui Fen alimfundisha mwenzake hesabu. Seow Ling, ambaye Kiingereza chake kilinyooka, ndiye aliyesoma matangazo ya chuo na kujaza fomu za wote wawili. Hui Fen hakuwahi kupitia fomu mara ya pili. Ya nini, na rafiki yupo?

Mtihani wa kuingilia ulifanywa Oktoba na tena Januari, na mwombaji alijichagulia. Lakini katika nyumba ile siku haikuchaguliwa hivi hivi. Bibi alikuwa na kitabu chekundu cha Kichina cha siku njema na mbaya, kilichopa kila siku na kila mwaka mnyama wake, na bila kitabu hicho hakuolewa mtu wala hakikununuliwa kitanda. Akakifungua, akapitisha kidole, akaguna.

"Hii ya Oktoba ni siku ya Joka. Joka na Mbwa hawapikiki chungu kimoja, na huyu mjukuu wangu kazaliwa mwaka wa Mbwa. Akili itamruka huko ndani. Chukua Januari."

"Bibi naye na kitabu chake," Hui Fen alisema, lakini akamgeukia mwenzake. "Januari si inafaa?"

Seow Ling alikuwa amelisoma tangazo la chuo juzi, tena mara mbili. Lilisema waombaji wote wa hesabu wafanye mtihani wa Oktoba. Atakayefanya wa Januari, ombi lake halitaguswa. Akanywa kahawa kidogo.

"Mtihani ni uleule," alisema. "Tena utapata miezi mitatu zaidi ya kujiandaa. Bahati gani hiyo."

"Basi na wewe chukua Januari, tuingie pamoja."

"Mimi nikingoja hadi Januari nitasahau hata kujumlisha. Niache nikaumbuke mapema."

Wakacheka wote watatu, bibi akawaongezea tambi. Seow Ling akaichagua Januari kwenye fomu ya rafiki yake kwa kidole chake mwenyewe. Siku usajili wa Oktoba ulipofungwa alilikwepa jicho la rafiki yake, na tusimsingizie huruma. Aliogopa kuulizwa.

Hakuulizwa. Hui Fen alisukuma maandalizi yake kando ili amshindilie mwenzake. "Wewe ndiye unayeungua sasa, mimi muda ninao," alisema, akamwandikia daftari zima la njia za mkato. Katika mtihani, maswali manne yalifanana na ya daftari lile hadi namba. Seow Ling aliyajibu kwa raha zake.

Novemba barua zikaja siku moja. Seow Ling aliitwa kwenye usaili. Hui Fen aliandikiwa mistari mitatu: hana matokeo ya Oktoba, ombi lake limefungwa.

Hakupiga kelele. Alikichukua kile kitabu chekundu mbele ya bibi yake, akakizamisha kwenye beseni la maji ya mboga. "Umenichagulia siku njema, Bibi. Hongera." Tangu siku hiyo hakuketi tena meza moja na mzee aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alienda kulia begani kwa Seow Ling, na Seow Ling akampapasa mgongo.

"Wazee wetu hawa," alimwambia. "Na sheria hiyo hata mimi ilinipita machoni. Utafanyaje."

Wiki mbili zikapita. Bibi akaja sokoni, kwenye meza ya tambi ya mama yake Seow Ling, akamkuta binti peke yake anaosha bakuli.

"Jana mama yako kaniambia jambo," bibi alisema. "Kwamba alikukataza siku ya Joka, maana na wewe ni wa mwaka wa Mbwa. Ukamwambia chuo hakitaki siku nyingine."

Seow Ling akaendelea kusugua.

"Kwa hiyo ulijua. Ulikaa pale kwangu, unakula tambi zangu, na unajua. Ungesema neno moja tu, kitabu ningekifunga."

Maji yalitiririka. Bibi akashika ukingo wa meza.

"Sikuja kukugombeza, mwanangu. Nafasi chukua, nenda. Nakuomba kimoja tu, mwambie Hui Fen kosa si langu. Nikisema mwenyewe ataona namsingizia mtu. Anakula chumbani, mlango kaufunga. Nina miaka themanini na moja. Sitaki nife hajanisemesha."

Seow Ling alimwonea huruma kidogo, kweli. Lakini usaili ulikuwa wiki ijayo, na kisiwa kizima hakuna aliyeweza kumwandaa isipokuwa Hui Fen, aliyeahidi kuja kila mchana bila kukosa. Akafunga bomba, akafuta mikono.

"Bibi, umesikia vibaya. Mama hakusema hivyo. Umri nao."

Bibi alimtazama usoni. Uso ulikuwa mkavu. Akafungua mdomo, na hapo Hui Fen akatokea, daftari kwapani, akampita bibi yake bila salamu na kuvuta kiti.

"Huyu anataka nini?"

"Amekuja kuomba msamaha," Seow Ling alisema. "Nimemwambia akupe muda."

Hui Fen hakugeuka. Alifungua daftari, akalilaza mezani, akamsogezea rafiki yake kalamu.

"Tuanze na lile lililokushinda jana," alisema.