Kiti cha Sofia

Kijumbe wa upatu hana usingizi wake mwenyewe. Wenzake wakishatoa mafungu yao huenda zao wakalala. Yeye ndiye anayebaki na pesa za wote, akipapasa mto alimozificha usiku kucha. Severa, mwanamke wa Kibosho aliyekuwa akiuza ndizi za kupika nje ya soko la Kariakoo, alikuwa ameushika upatu wa wanawake wa Mtaa wa Sikukuu kwa miaka bila senti ya mtu kupotea. Walimwamini kuliko walivyowaamini waume zao, jambo ambalo, tuseme kweli, halikuwa kazi kubwa.

Sasa sikiliza alivyojitia kitanzini kwa mikono yake.

Redio ilitangaza kwamba noti za zamani zinaondolewa na mpya zinaingia, na kila mtu apeleke zake benki kabla ya mwisho wa wiki inayofuata. Kwa wenye mishahara halikuwa neno. Kwa Kariakoo ilikuwa kiama kidogo. Uvumi ulitembea kibaraza kwa kibaraza: ukifika dirishani unaulizwa umezipata wapi, leseni yako iko wapi, unamfichia nani. Severa hakuwa na leseni ya kuuzia hata kichane kimoja. Na fungu lote la upatu wa mwezi ule, noti za zamani tupu, lilikuwa limelala ndani ya mto wake likingoja Jumapili ya makabidhiano.

Mwenye zamu alikuwa Sofia binti Fikirini, mwanamke wa kutoka Mtwara ambaye kila alfajiri alikwenda Feri kununua samaki, kisha akawakaanga kwenye kona ya mtaa hadi jioni. Zamu yenyewe ilikuwa ya Waridi, lakini Sofia alimbembeleza mwenzake wabadilishane, na Waridi akakubali. Kwa nini alikuwa na haraka? Hakuna aliyeuliza. Kwenye upatu watu hawaulizani pesa inakwenda wapi. Kumuuliza mwenzako ni sawa na kumchungulia chumbani.

Jumapili Sofia alikuja kuchukua chake. Severa akamkalisha kitandani, akamwambia kwa upole, "Mdogo wangu, nikikupa hizi zitakufia mkononi. Niachie wiki hii nizibadilishe, nikukabidhi pesa inayonunua."

Sofia alinyanyuka, akasimama mlangoni, pindo la kanga kaliuma kwa meno, kama mtu mwenye neno linalokataa kutoka. Mwishowe akasema, "Haya, dada Severa. Wewe ndiye unayejua." Akaondoka.

Angeweza kumpa zilezile za zamani na mambo yakaisha. Lakini kijumbe ana kiburi chake, na cha Severa kilikuwa hicho: hajapata kumkabidhi mtu pesa yenye kasoro.

Jioni ile alimwendea Kasmir, mtoto wa kaka yake, muuza vipuri wa Gerezani, kijana ambaye hajawahi kuulizwa swali akakosa jibu, liwe la kweli au la kubuni.

"Shangazi, benki unaenda kutafuta nini? Kujipeleka?" Kasmir alisema huku akifuta grisi vidoleni. "Ofisi ya ndege ni shirika la umma, noti za zamani bado wanapokea. Kata tiketi. Siku ya safari usiende. Ndege ikishaondoka, unarudi unasema uliugua ghafla, wanakurudishia pesa yako. Watakukata kidogo, basi. Lakini utatoka pale na noti mpya zinazonukia."

"Na hicho watakachokata?"

"Si utafidia kwa ndizi zako, shangazi?"

Severa aliona ni akili kubwa. Jumatatu asubuhi alivaa gauni lake la kanisani akaenda mjini, karibu na Posta, kwenye ofisi yenye feni na viti vya kukalia. Karani alimuuliza anasafiri nani na anakwenda wapi. Hapo ndipo uaminifu wake ulipomponza. Jina lake mwenyewe hakuweza kulitamka, kwa sababu pesa haikuwa yake; ya mwenye zamu huandikwa kwa mwenye zamu, hata kama ni kichwani tu. Akasema, "Sofia Fikirini." Safari akasema Mtwara, kwenda na kurudi, maana nauli yake ilikaribiana na fungu lililokuwa kwenye mkoba, na pia kwa sababu alijiona mjanja: Sofia ni mtu wa Mtwara, hata wakiuliza, jina na safari vinakubaliana. Ndege ya kesho yake asubuhi ilikuwa na nafasi. Karani akaandika, Severa akalipa, akatoka akiwa mwepesi.

Jumanne ndege ikaruka na kiti kimoja kitupu. Jioni Severa alinunua samaki kwa Sofia, akala vizuri.

Jumatano Severa alirudi kwenye ofisi ile na uongo wake kaukariri vizuri. Karani aliyekuwa dirishani siku hiyo aliitwa Aristides, kijana mpole wa Bukoba, shati jeupe, sauti ya chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niliugua ghafla, ndege ikaniacha. Nimekuja kurudisha tiketi."

Aristides aliisoma. "Wewe ndiye Ndugu Sofia Fikirini?"

Severa angesema ndiyo, lakini kijana alikuwa tayari amenyoosha mkono. "Naomba kadi yako ya chama, mama, niandike namba."

"Sofia ni mdogo wangu," Severa akasema.

"Basi aje mwenyewe. Pesa inarudishwa kwa mwenye jina tu, anaeleza kwa nini hakusafiri, anatia saini mbele yangu. Mwisho ni Jumamosi, tunafunga saa sita mchana. Ikipita hapo tiketi ya aliyeachwa na ndege hairudishwi tena."

Severa alirudi Kariakoo kwa miguu, na kila mtu aliyekutana naye Mnazi Mmoja alimwona kama anamjua. Angemwambiaje Sofia? Mdogo wangu, pesa yako nimeigeuza karatasi, twende ukanisaidie kusema uongo serikalini? Usiku ule hakula. Alhamisi mchana kutwa aliuza ndizi kwa bei za ajabu, wateja wakashukuru, na jioni akajikaza kisabuni akaelekea nyumbani kwa Sofia kusema yote.

Alikuta mikeka imetandikwa barazani.

Wanawake wa upatu wote walikuwepo, kanga vichwani. Ndani kulisikika kilio cha chini, kilio cha mtu aliyekwisha kupoteza sauti. Waridi alimsogezea nafasi, akamnong'oneza, "Simu imeingia mchana. Mama yake Sofia amefariki jana, huko Mtwara. Wameshamzika."

"Maskini. Alikuwa anaumwa?"

"Tangu mwezi jana, mahututi, na huyu kanyamaza. Anasema tulikwishamchangia kwa mazishi ya mwanawe, aliona haya kutulilia tena. Mimi mwenyewe ameniambia leo. Ndiyo maana alinibembeleza zamu, dada. Alitaka achukue pesa Jumapili, Jumatatu apande meli."

Severa alihisi mkeka unazama. Meli ya Jumatatu. Na Jumanne asubuhi palikuwa na ndege, na ndani ya ndege palikuwa na kiti chenye jina la Sofia, kimelipiwa, na mama yule alikuwa bado hai. Yeye Severa ndiye aliyeinunua safari ile na ndiye aliyeiacha ipotee, na katika mji mzima wa Dar es Salaam yeye peke yake ndiye aliyejua.

"Kijumbe," Waridi akaendelea, na sauti yake sasa ilisikika hadi mkeka wa pili, "mpe basi mwenzako pesa zake. Msiba huu utahudumiwa na nini?"

"Zipo," Severa akasema. "Jumamosi."

"Zipo wapi?"

"Jumamosi, nimesema."

Wanawake wakatazamana. Kijumbe anayesema kesho wakati wa msiba ni kijumbe aliyekula. Ijumaa hakuna mwanamke wa mtaa ule aliyenunua ndizi zake. Walipita mbali kidogo, wakiitikia salamu kwa nusu mdomo. Waridi alimtuma mtu kuuliza kama kweli pesa zipo. Baadaye akaja mwenyewe, akasimama mbele ya mikungu, akamwangalia bila kuuliza chochote.

Nitakwambia alichowaza Severa usiku ule, maana si cha kujivunia. Hakumlilia marehemu. Alikuwa akijiuliza kama Sofia anajua kusoma. Alikumbuka kwamba Sofia alihudhuria darasa la watu wazima pale shuleni, akaacha mara mtoto alipoanza kuugua. Pengine hakufika mbali. Pengine angetia saini palipoonyeshwa tu, apokee noti mpya, arudi kwenye mkeka wake, na neno Mtwara lisitamkwe kabisa. Aliomba rozari nzima akiomba jambo hilo, akijua ni dhambi kuliomba, na akaendelea.

Jumamosi asubuhi alimwinua mfiwa kwenye mkeka. Matanga hayajaanuliwa, na mtu anamtoa mfiwa nyumbani! Shangazi mmoja wa Sofia aliyetoka Magomeni alisonya kwa sauti. Severa aliinama hadi sikioni. "Mdogo wangu, nisamehe. Pesa yako iko ofisini mjini, wanataka saini yako wewe mwenyewe, na leo saa sita wanafunga. Chukua kadi yako ya chama."

Sofia hakuuliza ofisi gani. Alifunga kanga, akavaa kandambili, akatoka kama mtu aliyeamrishwa. Walipofika kwenye mlango wa kioo Sofia aliitazama picha kubwa ya ndege ukutani, kisha akamtazama Severa. Severa aliona afadhali angepiga kelele.

Walikuta foleni. Saa ya ukutani ilisogea, foleni haikusogea. Mbele yao mzee mmoja alibishana kuhusu mizigo, akabishana tena kuhusu jambo lilelile, na Severa alitamani kumvuta kwa kola ya shati. Ilipobaki robo tu kufika saa sita, wakawa dirishani.

"Huyu ndiye Ndugu Sofia," Severa akasema upesi. "Anatia saini wapi, mwanangu? Hapa? Sofia, weka hapa tu."

Lakini Aristides alikuwa kijana anayeifanya kazi yake sawasawa, na wakati mwingine watu wa namna hiyo ni balaa. Aliigeuza tiketi ikamwelekea mwenye jina. "Hakiki kwanza kama ni yako, ndugu."

Sofia aliweka kidole juu ya karatasi. Alisoma kama walivyofundishwa darasani, silabi moja moja, midomo ikitembea. So-fi-a. Fi-ki-ri-ni. Severa aliona kidole kikishuka mstari wa pili, polepole, akataka kukifunika kwa mkono wake, na mkono ukakataa kunyanyuka. M-twa-ra. Kidole kilisimama hapo muda mrefu. Kisha kikaenda pembeni, kwenye tarehe.

"Hii ni Jumanne?" Sofia aliuliza. Ndiyo sauti yake ya kwanza tangu watoke nyumbani.

"Jumanne, ndiyo," Aristides akajibu. "Ya asubuhi. Inafika Mtwara kabla ya mchana."

"Jumanne hii iliyopita."

"Hiyohiyo."

Sofia hakugeuka kumtazama Severa. Aliendelea kuitazama tiketi. Severa alifungua mdomo, akasema, "Zilikuwa noti za zamani, mdogo wangu, niliogopa benki, Kasmir akaniambia," na maneno yakaishia hapo kwa sababu hata masikioni mwake mwenyewe yalikuwa hayana maana yoyote.

Aristides aliwaangalia kwa zamu, hakuelewa, akachukua kalamu. "Lazima nijaze sababu, ndugu, ndipo nilipe. Kwa nini hukusafiri?"

"Aliugua," Severa akasema.

"Namuuliza mwenyewe, mama."

Sofia alinyanyua uso. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Andika sikuambiwa," alisema.

Kijana alisita, akamtazama Severa mara moja tu, kisha akaandika. Sofia akatia saini herufi kwa herufi. Akapewa noti mpya, pungufu kidogo, na Severa akafungua mkoba wake akaongezea kile kilichokatwa, akakisukuma mezani. Sofia alikipokea. Alizifunga zote kwenye pindo la kanga, fundo moja, na la pili juu yake.

Nje jua lilikuwa kali. Walikuwa wamekwishafika Mnazi Mmoja Severa alipopata sauti. Akamshika mkono, akalia, akasema amsamehe, hakujua, laiti angejua angempeleka uwanja wa ndege kwa miguu yake mwenyewe, angembeba mgongoni. Alisema kweli, kila neno.

Sofia alimwacha aseme hadi akamaliza.

"Jumanne uliponunua samaki kwangu," akasema, "nilikuuliza mbona leo una furaha. Ukasema hakuna kitu."

Akautoa mkono wake taratibu, akatangulia kurudi kwenye mkeka.